Krediti 72 na mvua za vuli: kisa cha kupanga masomo ya sayansi ya mazingira

Binti wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu Novemba 2022, siku moja kabla dirisha la kubadili masomo halijafungwa, fomu imeshajazwa na kalamu iko tayari mkononi. Siku zile Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao wa maji. Mto Ruvu ulikuwa umeshuka, vuli imegoma, na kila aliyeingia mlangoni alianza kwa habari za ndoo na madumu. Yeye hakuwa na nafasi hiyo.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kwa saini tu."

"Marahaba. Kaa kwanza."

Nilikuwa na sababu ya kumkalisha. Mwaka uliotangulia nilimsainia fomu ya namna hiyohiyo bila kuisoma. Alikuwa ametoka kidato cha sita na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), BAM, ile hisabati ya msingi, ameivuka kwa S, alama ya chini kabisa ya kuvuka, naye akajiwekea krediti 72 muhula wa kwanza kabisa wa chuo, Takwimu ikiwa mojawapo. Ningeisoma fomu ile ningemzuia. Takwimu ilimwangusha kwenye mtihani wa mwisho, sapu, yaani mtihani wa marudio, ikamwangusha tena, akaingia mwaka wa pili akiwa amekeri, yaani amebeba somo moja asilolivuka, na GPA ya 3.1.

Kisa hiki ninakieleza kwa ridhaa yake. Jina lake na la chuo nimeyaacha. Nimeona kinafaa kuelezwa kirefu kwa sababu kila mwaka napokea fomu zinazofanana na ile, na nyingi zimepangwa kwa kuangalia kitu kimoja: somo gani litanipa A kwa urahisi.

Fomu yake ilikuwa hivi. Masomo ya lazima ya muhula yalikuwa manne, krediti 12 kila moja: Kemia ya Mazingira, Haidrolojia, Sheria na Sera za Mazingira, na Sayansi ya Udongo. Hapo ni 48. Juu yake alitakiwa kuchagua somo moja afikishe 60. Yeye alichagua mawili, Utalii Endelevu na Jinsia na Mazingira, akafika 72, ambacho ndicho kikomo chetu kwa muhula. Takwimu aliisogeza mwaka wa tatu. GIS, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, iliyokuwa kwenye orodha ya kuchagua, hakuigusa.

Nilipomuuliza sababu alijibu bila kusita. Takwimu ya mwaka wa kwanza inafundishwa Alhamisi asubuhi, na maabara ya GIS ni Alhamisi asubuhi hiyohiyo. Ratiba ya kila mwaka wa masomo hupangwa peke yake na hakuna anayekumbuka waliokeri. Kwa hiyo ameyaacha yote mawili, akachukua yale ambayo wenzake waliomtangulia walipata A. Anataka afikishe 3.5 ili amalize na daraja la pili la juu.

Kwa hesabu ya ratiba alikuwa sahihi, na sikumkatalia. Nilimuuliza swali jingine: mwaka wa tatu unataka kufanya utafiti wa nini?

Hapo akabadilika. Alisema anataka kupima maji ya Mto Msimbazi, hapahapa Dar es Salaam. Amezaliwa na kukulia bondeni, na Desemba 2011, akiwa na miaka tisa, mafuriko yaliwatoa nyumbani kwao pamoja na maelfu ya wengine. Familia yao ilikuwa miongoni mwa zile zilizopelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na huko ndiko alikokuwa akitoka kila alfajiri kuja chuoni. Alitaka kujua maji yale yamebeba nini, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kwa sababu watoto bado wanacheza humo.

Nikachukua karatasi tupu, tukaanza kupanga kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Mtu anayetaka kulinganisha kiangazi na mvua anahitaji misimu yote miwili kabla ya kuandika. Kwa mwanafunzi wa miaka mitatu, kuandika ni muhula wa sita, Aprili hadi Julai. Masika inaangukia humohumo, Machi hadi Mei, kwa hiyo data za masika zimeshachelewa. Mvua pekee anayoweza kuitumia ni ya vuli ya mwaka wa tatu, Novemba na Desemba. Kiangazi cha kutumia ni kile cha Agosti na Septemba kabla yake, wakati wa mafunzo kwa vitendo, ile tunayoiita fildi. Lakini huwezi kwenda mtoni Agosti bila pendekezo la utafiti lililopitishwa. Pendekezo linaandikwa ndani ya somo la Mbinu za Utafiti, muhula wa nne. Na Mbinu za Utafiti husajiliwi kama hujavuka Takwimu.

Kwa hiyo Takwimu ikisogezwa hadi Novemba 2023, Mbinu za Utafiti inakuwa Aprili 2024, kiangazi chake kinakuwa Agosti 2024, na vuli yake inakuwa mwishoni mwa 2024, wakati wenzake wanavaa majoho. Fomu aliyoileta kwa saini tu ilikuwa fomu ya mwaka wa nne. Hakuna mahali ilipoandikwa hivyo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kuhusu bumu, yaani fedha za mkopo wa elimu ya juu, kama lingeendelea kwa mwaka wa ziada, na nikaona kwamba hofu imefika mahali pake.

Hapa ndipo fani yetu inapotofautiana na nyingine. Mwanafunzi wa sheria akichelewa somo anaweza kulifidia likizo, maktaba iko palepale. Mwanafunzi wa mazingira akikosa vuli anasubiri miezi kumi na miwili. Nasema haya kwa maeneo ya mvua mbili kama Pwani na kaskazini mwa Morogoro. Kwa anayefanyia utafiti Mbeya au Dodoma, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mahesabu hubadilika, lakini bado kalenda ya mvua ndiyo inayoamua muhula wa kusoma Takwimu.

Tukaja kwenye GIS. Yeye aliiona kama somo la kompyuta kwa wanaopenda kompyuta. Nilimkumbusha kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambacho angekisoma muhula uleule kwenye somo la sheria: shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Sasa mita 60 za Msimbazi utazionyeshaje? Utatembea na futi kamba kutoka milima ya Pugu hadi daraja la Salender, mto unapoingia baharini? Kwenye picha za setilaiti za Landsat, ambazo zinapatikana bure, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30, maana yake ukanda mzima wa sheria ni pikseli mbili tu. Kwa Sentinel-2 yenye mita 10 ni pikseli sita. Anayejua hilo anajua pia kwamba mto huu umekuwa ukihama kingo zake, na kwamba mita 60 za leo si mita 60 za utoto wake. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Maswali yake kuhusu maji yangekuwa na nusu ya majibu bila ramani ya kinachomwagwa mtoni na kutoka wapi.

Sikumwambia kwamba Jinsia na Mazingira ni somo hafifu, na msomaji asinielewe hivyo. Kwa mwanafunzi anayetaka kujua nani anachota maji, nani anaamka saa tisa usiku wakati wa mgao na nani anakaa kwenye kamati ya mradi, hilo ndilo somo la kwanza kuchagua. Kwa swali la binti huyu lilikuwa somo la pembeni.

Ilibaki hoja ya GPA, na hoja hiyo huwa haishindwi kwa maneno ya kutia moyo. Tukaipigia hesabu. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Somo la krediti 12 ni sehemu moja ya thelathini. A ni pointi 5, B ni 3, C ni 2. Akichukua somo la mteremko akapata A, badala ya GIS akapata C, tofauti ni pointi 3 kugawa kwa 30, yaani 0.1 katika GPA ya mwisho. Akipata B kwenye GIS, tofauti haifiki hata 0.07. Aliirudia hesabu ile kwenye simu yake mara mbili. Nadhani alikuwa anaamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba somo moja gumu linazamisha shahada nzima.

Lakini 0.1 si bure kwa mtu anayeitafuta 3.5, na nilimwambia hivyo. Sikutaka aondoke akidhani namuuzia kitu kisicho na gharama.

Mpango mpya ukawa hivi: masomo manne ya lazima, GIS, na Takwimu. Jumla 72. Mwenzangu wa idara, mtu makini, alipoiona alipinga. "Hizo 72 ndizo zilizomwangusha mwaka jana. Unamrudisha palepale." Pendekezo lake lilikuwa Takwimu peke yake juu ya yale manne, ziwe 60, na somo la kuchagua lihamie muhula wa nne. Lilikuwa pendekezo la busara. Tatizo ni kwamba GIS kwetu hufundishwa muhula wa kwanza tu wa mwaka, na kuipeleka mwaka wa tatu ni kujifunza kuchora ramani baada ya kiangazi cha kukusanya data kupita.

Tulikaa na swali hilo karibu saa nzima. Kilicholitatua kilitoka kwa binti mwenyewe, alipotaja saa anayotoka nyumbani. Krediti moja kwa mfumo wetu ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Krediti 72 ni saa 720. Ukizigawa kwa wiki 17 za muhula pamoja na mitihani, unapata kama saa 42 kwa wiki. Ni wiki ya mfanyakazi, inabebeka. Ila yeye alikuwa akitumia saa nne kila siku kwenye daladala kwenda na kurudi, saa 20 kwa wiki, jumla 62, na jioni anamsaidia mama yake gengeni. Mwaka wa kwanza tulilaumu krediti. Barabara ilikula karibu nusu ya muda ambao krediti zile zilihitaji, na fomu ya usajili haina mahali pa kuiandika.

Ana shangazi anayeishi mwendo wa daladala moja hadi chuoni. Alikuwa hajawahi kuomba kukaa kwake kwa sababu ya genge la mama. Hilo halikuwa la kuamuliwa ofisini kwangu. Alienda akazungumza na mama yake usiku ule, na asubuhi akarudi na jibu: Jumatatu hadi Ijumaa kwa shangazi, Jumamosi na Jumapili nyumbani. Saa 20 za barabarani zikashuka kuwa kama tano na ushei. Mdogo wake wa kiume akachukua zamu za jioni. Namtaja huyo kijana kwa makusudi, kwa sababu mipango ya masomo ya wanafunzi wetu wengi husimama juu ya mtu wa nyumbani ambaye hatumwoni.

Mgongano wa Alhamisi nao ulikuwa na mlango. Takwimu hiyohiyo ilikuwa ikifundishwa kwa wanafunzi wa kitivo kingine Jumanne jioni, saa kumi hadi saa moja kasoro. Mwalimu wake alikubali kumpokea. Nilichojifunza kwenye visa vya nyuma ni kwamba ruhusa ya mdomo hupotea Februari: alama za koswek, yaani majaribio na kazi za muhula, zinaingizwa kwenye orodha ya kundi ambalo mwanafunzi si wa kwake, na matokeo yakitoka anaonekana hakufanya majaribio. Kwa hiyo tuliandika barua siku ileile, ikasainiwa na wakuu wa idara zote mbili, nakala ikaenda ofisi ya mitihani na nyingine akabaki nayo. Februari matokeo yalipotoka nafasi ya Takwimu ilikuwa tupu, kama nilivyohofia, na barua ile ilimaliza shauri kwa siku mbili.

Takwimu aliivuka kwa C. GIS alipata B+. Haidrolojia, ambayo aliipenda na ambayo hakuna aliyetarajia imsumbue, alipata C. Majaribio yake mawili yaliangukia wiki moja na jaribio la Takwimu, na hapo mzigo ulimzidi. Hiyo ndiyo gharama, na ilitokea mahali ambapo hatukupaangalia.

Muhula wa nne aliandika pendekezo lake na kupanga sehemu sita za kuchukulia maji, kuanzia karibu na Pugu, kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hadi Salender. Raundi tatu kiangazi, raundi tatu wakati wa vuli, sampuli 36. Ni hapo alipogundua kwamba hata siku za wiki zina uzito. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu ulio kwenye maji, kinachukua siku tano kwenye nyuzi 20. Maji ukiyachukua Jumatatu, kusoma ni Jumamosi, na maabara imefungwa. Jumanne inaangukia Jumapili. Siku zinazofaa ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Sampuli za bakteria wa kinyesi zinakaa kwenye deli lenye barafu na zinatakiwa zifike maabara na kuanza kupimwa ndani ya saa 24, kwa hiyo Ijumaa jioni nayo haifai. Salender ina jambo lake: maji ya bahari yanapanda mtoni, na ukipima uwezo wa maji kupitisha umeme wakati bahari imejaa, unapima chumvi ya bahari. Akaanza kusoma majedwali ya maji kujaa na kupwa, akachagua siku za bamvua, kwa sababu pwani yetu siku hizo bahari hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, muda mzuri wa kufanya kazi.

Tulipokuja kupanga muhula wa tano, masomo ya kuchagua aliyachagua kwa siku. Alitafuta yenye vipindi Jumatatu na Jumanne, akaziacha Jumatano na Alhamisi kwa mto. Usimamizi wa Taka Ngumu ulikuwa Jumatatu, ukaingia. Uchumi wa Mazingira, ambao ningependa ausome, ulikuwa Alhamisi, ukaachwa. Sikuwa na pingamizi. Aliuacha kwa sababu anayoweza kuieleza.

Kiangazi cha 2023 kilikwenda vizuri. Fildi aliifanya kwenye ofisi ya maji hapohapo mjini, wakamruhusu siku mbili kwa wiki kwa sampuli zake. Mto ulikuwa mdogo, mweusi sehemu za katikati, na oksijeni ilikuwa chini kama tulivyotarajia pale ambapo maji machafu ni mengi kuliko maji ya mto.

Kisha ikaja vuli ya El Niño. Mwaka mmoja kabla tulikuwa tunagombania ndoo. Sasa Jangwani ilifungwa kwa mafuriko na magari yakazunguka. Raundi mbili kati ya tatu hakuweza kufika sehemu yake ya Kigogo, kwa hiyo sampuli za mvua zikawa 16 badala ya 18. Kwingine alichukua maji kutoka juu ya daraja kwa ndoo na kamba, akiwa na mtu wa kumshika. Alikuja kwangu na wasiwasi kwamba utafiti umeharibika.

Nilimuuliza Takwimu inasemaje kuhusu jozi ambazo nusu yake haipo. Akafikiri, akasema atalinganisha sehemu tano zenye jozi kamili na Kigogo ataieleza peke yake, na kwa kuwa namba za bakteria zimeruka mno atatumia kipimo kisichodai data zilizokaa sawasawa. Kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza: kwamba vuli hii si vuli ya kawaida, kwa hiyo hatasema "wakati wa mvua", atasema "wakati wa mvua za El Niño za 2023". Huyu ni mtu aliyeanguka Takwimu mara mbili.

Alimaliza Julai 2024 na wenzake. GPA yake ni 3.4. Ile 0.1 aliyoikosa inaweza kuwa ile C ya Haidrolojia, inaweza kuwa Takwimu. Mwenzangu aliyepinga 72 alinikumbusha, bila ubaya, na nilikubali kwamba kwa kipimo cha daraja la shahada yeye ndiye aliyeona mbali. Nilipomuuliza binti mwenyewe kama angechagua tena vilevile, alisema angechagua vilevile ila angehamia kwa shangazi tangu mwaka wa kwanza.

Fomu ya idara sasa ina ukurasa wa pili. Unauliza mwanafunzi anaishi wapi na anatumia saa ngapi njiani, data za utafiti anazozifikiria ni za msimu gani, na somo lipi tangulizi halijavukwa. Mwaka wa pili wengi huandika "sijui bado" kwenye msimu, na hao ndio ninaowaita ofisini kwanza. Alhamisi asubuhi Takwimu na GIS bado zinagongana. Muhula huu nina wanne waliokeri, na Jumanne jioni ukumbi wa kitivo kile umejaa. Mwalimu amesema anaweza kuwapokea wawili.